Mcheza Kwao Hutunzwa Lini?

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tumeizoea hata hatuifikiri tena. Twaitamka harusini, twaitamka katika mikutano ya hadhara, kisha twaendelea na shughuli zetu. Lakini iko ngoma moja mashuhuri ambayo historia yake yaikanusha methali hiyo mchana kweupe. Wachezaji wake walifukuzwa katika mji wao, wakadhihakiwa na watu wao wenyewe, na leo walimu wake hutunzwa zaidi ugenini kuliko kwao. Ngoma hiyo ni ile ya Misri ambayo wageni waliipa jina la mchezo wa tumbo. Twaileta habari yake katika ukurasa huu kwa kuwa ndani yake mna funzo kwa kila mfanyakazi, na hasa kwa Chama ambacho hakipokei mgeni wala hakifungui mkutano bila kupigiwa ngoma.

Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani hufanywa matamasha ya mchezo huo mwisho wa juma, kuanzia Ijumaa jioni hata Jumapili. Wahudhuriaji wengi ni wanawake wenye kazi zao: makarani, wauguzi, walimu wa shule, wauzaji wa madukani. Juma zima wametumika, na siku mbili za mapumziko yao wanazitoa kwa ajili ya kujifunza. Mwenye kuandaa tamasha hukodi ukumbi, humwalika mwalimu mwenye sifa, humlipia nauli na malazi na ujira, kisha hutoza ada kwa kila darasa. Mchana ni masomo ya saa mbili au tatu. Usiku wa Jumamosi walimu huonyesha ustadi wao jukwaani, na mara nyingi huwapo pia usiku wa wanafunzi, nao huuita kwa neno lile lile tulilo nalo sisi: hafla. Pembeni mwa ukumbi hupangwa meza za wachuuzi wenye mavazi ya shanga yaliyoshonwa Cairo, na vitambaa vya kufunga kiunoni vilivyotiwa sarafu ndogo zinazolia kwa kila hatua.

Yuko ndugu atakayecheka na kuuliza: Je, haya ndiyo ya kujaza gazeti la Chama? Watu wazima kutoa fedha zao ili wafundishwe kutikisa kiuno? Twamwomba ndugu huyo asihukumu mlangoni, bali aingie darasani atazame. Mwalimu huanza na miguu, wala si tumbo. Nyayo zikanyage sawa, magoti yalegee, mgongo unyooke. Ndipo nyonga moja ipande na kushuka huku kifua kimetulia, kama mtungi juu ya kichwa cha mchota maji asiyemwaga hata tone. Baada ya mwili huja masikio. Mwanafunzi apambanue mdundo wa maqsum na mdundo wa saidi. Ajue ni wapi ngoma inauliza na ni wapi fidla inajibu. Avae matuazi madogo vidoleni na kuyapiga bila kupoteza hatua. Wako waliojifunza kwa miaka mingi na bado hukaa safu ya mbele wakiandika katika daftari. Hiyo ni kazi ya mwili na akili pamoja. Mfanyakazi yeyote aliyepata kushinda siku nzima mbele ya cherehani au mashine ya kiwanda ataitambua mara moja kuwa ni ufundi, na kwamba ufundi haupatikani bure.

Hata jina la mchezo huu lina hadithi yake. Wamisri huuita raqs sharqi, yaani mchezo wa mashariki; na ule wa mitaani na majumbani huitwa baladi, maana yake ni wa nchi, wa kwetu. Jina la tumbo walilitoa Wafaransa. Lakini zamani katika Cairo walikuwapo wanawake walioitwa awalim. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapa, kwa kuwa neno hilo latoka katika shina lile lile lililotupa elimu, mwalimu na maulamaa. Mmoja wao aliitwa alma, yaani mwanamke mwenye ujuzi. Awalim waliimba, wakajua mashairi, wakawachezea wanawake wa nyumba kubwa. Wengine, walioitwa ghawazi, walicheza hadharani, katika njia na viwanja vya sherehe. Basi watu hao ambao lugha ya nchi yao iliwaita wajuzi, wageni wakawaita tumbo. Na watoto wa nchi wakalipokea jina la wageni na kuona haya.

Mwaka 1834 mtawala wa Misri, Muhammad Ali, aliwafukuza wachezaji wa hadharani kutoka Cairo, wakapelekwa kusini katika miji kama Qena, Esna na Aswan. Serikali ambayo hapo kwanza ilipokea kodi yao sasa iliwaona kuwa ni aibu. Walakini ngoma haikufa, ilihama tu. Mwandishi Mfaransa Gustave Flaubert alipofika Esna mwaka 1850 alimkuta huko mchezaji aliyejulikana kwa jina la Kuchuk Hanem, na watu wa Ulaya wakazisoma habari zake kwa kalamu ya mgeni. Maneno yake yeye mwenyewe hatunayo. Ndivyo ilivyo daima: mwenye nyumba akimtupa mtoto wake nje, mpita njia humwokota na kumpa jina alipendalo.

Mwaka 1893 yakafanywa Maonyesho makubwa ya Dunia katika mji wa Chicago, Marekani. Ndani yake ulijengwa mtaa wa kuigiza, ukaitwa Mtaa wa Cairo, na wachezaji wakawekwa humo. Watu walifurika, wengine walilaani huku wakikata tikiti. Maonyesho yalipofungwa, waigaji walijaa katika vibanda vya burudani vya bei rahisi, watu wasiopata kuikanyaga Misri, wakachuma fedha kwa jina la Misri. Hatuambiwi kwamba Misri ilipata chochote katika mapato yao.

Nyumbani kwenyewe sanaa hiyo iliinuliwa na watu hodari. Bibi Badia Masabni, mwanamke mwenye asili ya Sham, alifungua ukumbi wake Cairo mwaka 1926, na humo wakacheza Bibi Tahia Carioca na Bibi Samia Gamal, ambao baadaye sinema iliwapeleka katika kila mji uliosikiliza Kiarabu. Wafanyakazi wenzetu wangependa kumjua Bibi Tahia kwa sababu nyingine pia. Katika miaka ya 1950 alitiwa gerezani kwa ajili ya siasa. Na mwaka 1987, akiwa mzee mwenye heshima zake, alikaa pamoja na wasanii wenzake katika mgomo wa kula kwa kupinga sheria iliyohusu vyama vyao. Alifariki mwaka 1999. Wanaodhani kwamba mwanamke achezaye hana fikira wala msimamo, na wakaisome habari ya bibi huyo.

Serikali ya mapinduzi ya mwaka 1952 nayo ilikuwa na mioyo miwili. Kwa mkono mmoja iliwaamuru wachezaji wa kumbini wafunike matumbo yao. Kwa mkono wa pili ilikilea kikundi cha Bwana Mahmoud Reda, kilichoanza mwaka 1959, na kukifanya kikundi cha taifa mwaka 1961. Bwana Reda alizitazama ngoma za vijiji na miji, akazipanga upya kwa ajili ya jukwaa, akazivika adabu iliyokubaliwa na wakubwa. Kazi yake ilikuwa njema, nasi twaisifu. Ila tuone mwisho wake. Yeye mwenyewe, hata alipofariki mwaka 2020, alikuwa ameizunguka dunia akifundisha katika madarasa ya mwisho wa juma. Na ukumbini mwa wageni, ngoma ya heshima ya taifa na ngoma ya kumbi iliyofichwa zilikaa katika ratiba moja, zikalipiwa ada moja. Mgawanyo uliowapa Wamisri tabu nyingi haukuwa na maana kwa mwanafunzi aliyekuja kujifunza.

Tangu mwaka 2000 Cairo ina tamasha lake liitwalo Ahlan wa Sahlan, lililoanzishwa na Bibi Raqia Hassan, aliyepata kuwa mchezaji wa kikundi cha Reda. Wanawake kutoka mabara yote walikwenda kujifunza hapo kwa mabingwa wa nchi. Huyo ni mwenyeji aliyekataa kungojea heshima ya kuletewa. Aliifungua nyumba yake na kutoza ada mlangoni. Lakini karibu na wakati ule ule kukazuka fitina. Wachezaji wa kigeni walikuwa wamezidi katika hoteli za Cairo, na mwaka 2003 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku ili kulinda kazi za wenyeji. Mwaka uliofuata marufuku hayo yakaondolewa.

Sisi ni gazeti la wafanyakazi, wala hatuwezi kumcheka mfanyakazi anayelia kwamba kazi yake inachukuliwa. Kilio hicho kilikuwa cha haki. Bali dawa iliyotolewa haikugusa ugonjwa. Mgeni hakupata nafasi kwa sababu tu ya pasi yake ya kusafiria. Alipata nafasi kwa kuwa katika nyumba nyingi za Misri binti akitamka kwamba ataka kuwa mchezaji, mama hulia na baba hufunga mlango. Taifa likilifanya jambo kuwa aibu kwa watoto wake, lisishangae kuona watoto wa wengine wakilifanya. Huwezi kukidharau kiti, kisha ukakasirika umwonapo mgeni amekikalia.

Sasa na tuitazame hali ya ujira, maana hapo ndipo penye kiini cha shauri letu. Katika matamasha haya ya mwisho wa juma liko jambo jema, na liko jambo baya. Jema ni kwamba mwalimu hutambuliwa kuwa ni mtu wa kazi. Ujira wake hukubaliwa kabla hajapanda ndege. Hauachwi kwa huruma ya watazamaji, wala haambiwi kwamba sifa yatosha. Baya ni hili: mara nyingi wale wachezao usiku wa hafla hawalipwi kitu, na pengine hutozwa ada ndipo wapande jukwaani. Mwanafunzi anayejaribu ustadi wake mbele ya wenzake, huyo hana lawama. Lakini desturi hiyo hutoka nje ya tamasha ikaingia katika mikahawa. Mwenye mkahawa aliyezoea kumlipa mchezaji wa kazi humwambia: mbona yule wa jana alicheza bure kwa kuwa anapenda? Basi mchezaji ategemeaye kiuno chake kulisha watoto huona bei ikivunjwa na mtu mwenye mshahara mahali pengine, ambaye kwake ngoma ni mapumziko. Wachezaji wa Ulaya na Marekani wamelalamikia jambo hili mara nyingi, na wengi wao huwakanya wanafunzi wasikubali kucheza mkahawani kwa chini ya bei ya mji.

Wafanyakazi wa bandari hawahitaji kufafanuliwa hilo. Waliogoma Mombasa na Dar es Salaam mwaka 1947 walijua kwamba adui wa ujira si mwajiri peke yake. Yuko pia yule aliye tayari kubeba gunia kwa senti pungufu. Kanuni ni moja, awe mtu amebeba gunia au amecheza ngoma. Apendaye kazi yake asiifanye kuwa sababu ya mwenzake kulala njaa. Na apendaye ngoma ya watu wengine anao wajibu wa pili: aitaje kwa jina lake, na amtaje aliyemfundisha. Mwanamke wa Ulaya aliyejifunza kwa Mmisri, akalipa, akarudi kwao na kufundisha huku akisema wazi elimu hii nimeitoa wapi na kwa nani, huyo si mwizi. Ni mwanafunzi aliyehitimu. Mwizi ni yule aliyefundishwa katika vibanda vya Chicago, ambaye huuza asichokijua kwa jina la wasiokuwapo.

Hapa ndipo habari ya Misri inapobisha hodi kwetu, nayo si ngeni nyumbani. Husimuliwa kwamba ni Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hata 1888, aliyeagiza wanamuziki kutoka Cairo na kumpeleka Mohammed Ibrahim huko kujifunza kanuni. Na dumbak na rika za taarabu ni ndugu wa ngoma zile zile zinazochezewa huko. Wanawake wa Mombasa na Lamu hufunga leso kiunoni wakacheza chakacha harusini. Wamakonde wana sindimba, nayo kiuno ndiyo nguzo yake. Hatusemi kwamba ngoma hizi zimetoka Misri, wala hazihitaji kutoka Misri. Kila watu wana kiuno chao. Tunasema kwamba dharau iliyoipata ngoma ya Misri imezipata na hizi. Wakati wa ukoloni, katika shule nyingi za misheni, mtoto aliyekwenda ngomani aliadhibiwa, naye akatoka shuleni akijua kusoma, kuandika na kuona haya.

Mwalimu Nyerere alilisema jambo hilo Desemba 1962 alipolihutubia Bunge kwa mara ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri, siku aliyotangaza Wizara ya Utamaduni. Aliwasikitikia wasomi waliojua vema kucheza rumba na chachacha, wasijue gombe sugu wala lele mama. Tangu siku hiyo yalifanyika mengi. Kikundi cha taifa cha ngoma kikaundwa, sindimba ikapanda jukwaani mbele ya wageni wa nchi, na Chuo cha Sanaa kikafunguliwa Bagamoyo mwaka 1981. Bibi Fatuma binti Baraka, ambaye sote twamjua kwa jina la Bi Kidude, aliyewafunda wari wengi kwa ngoma za unyago, alitunukiwa mwaka 2005 huko Uingereza tuzo ya WOMEX ya muziki wa dunia. Alifariki mwaka 2013 akiwa ajuza mwenye sifa katika mabara yote. Hatuwezi kusema kwamba hatukufanya kitu.

Hata hivyo, ndugu wana-Chama, tuulizane swali la nyumbani. Kikundi cha ngoma kinapoitwa kumpokea kiongozi, hulipwa nini? Sote tumewaona akina mama na vijana waliofika uwanjani alfajiri, wakasimama juani hata adhuhuri kwa kuwa mgeni amechelewa, wakacheza kwa dakika tano vumbini wakati msafara unapita, kisha wakagawiwa soda na fulana. Mwenye vipaza sauti amelipwa. Mwenye mahema na viti amelipwa, tena alidai malipo ya awali. Mpishi amelipwa. Aliyecheza ameambiwa kwamba amepewa heshima ya kushiriki. Huyu ndugu ana tofauti gani na mchezaji wa hafla anayepanda jukwaani bure? Tofauti ni moja tu: yule wa ugenini ana mshahara wake Jumatatu, na huyu wetu hana.

Watu wengine watajibu kwamba ngoma zetu ni za jumuiya, hazikuwa za kuuzwa, na kwamba kuzilipia ni kuziharibu. Hoja hii twaiheshimu pale inapostahili. Katika harusi ya jirani na katika unyago wa binti wa mtaa, ngoma ni deni la ujirani. Nami nikikuchezea leo, kesho utanichezea. Wala hapo malipo hayakosekani, kwa kuwa somo na kungwi hupewa haki yao kwa kanga, kwa mchele na kwa fedha, na mchezaji hutunzwa papo hapo noti ikibandikwa pajini mwa uso. Wazee wetu hawakupata kudhani kwamba ujuzi ni wa bure. Mkutano wa kisiasa, sherehe ya shirika, na uzinduzi wa kiwanda si ujirani. Huko kila huduma ina bei yake. Ukimwondoa mchezaji peke yake katika hesabu, hujailinda mila, umeipora.

Basi, maoni yetu ni haya. Kila ofisi ya Chama, ya serikali na ya shirika inayoita kikundi cha ngoma iandike ujira wa kikundi hicho katika makadirio yake, mstari wa juu, kabla ya mahema na soda. Vyama vya wafanyakazi viwahesabu wachezaji kuwa watu wa kazi na kuwasaidia kupatana bei. Wilaya zenye wajuzi wazee wa ngoma ziige yale matamasha ya mwisho wa juma: ukumbi wa shule, siku mbili, mwalimu mmoja anayelipwa vizuri, na ada ndogo kwa kijana yeyote, hata mgeni, atakaye kujifunza. Hapana haja ya kungojea mfadhili wala jengo jipya. Bibi mmoja wa Cairo aliweza, katika mji uliopata kuwafukuza waliomtangulia.

Neno kutunza katika lugha yetu lina maana mbili: kumpa mchezaji tuzo, na kuhifadhi kitu kisipotee. Wahenga hawakukosea kuziweka katika neno moja, kwa kuwa ya pili haipatikani bila ya kwanza. Kwa hiyo, katibu wa tawi atakayekwenda kuita kikundi kwa ajili ya mkutano ujao na apatane nao kabla ngoma hazijawekwa motoni, aandike kiasi walichopatana, na awalipe siku ile ile kabla hawajapanda gari kurudi kwao.